Viatu Ishirini na Vitatu

Siku ile mpumbavu alikuwa mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta kati ya watu watakaopita hapa. Wengine wote walikuwa na akili zao, hata mkaguzi, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kuniamini.

Cheo changu kilikuwa kirefu kuliko mlango wa ofisi yangu: Ofisa Mipango ya Mwendelezo wa Huduma. Kwa lugha ya nyumbani, mtu anayelipwa kuwaza mabaya. Shirika letu hupokea simu za watu waliopatwa na balaa na kuwapelekea magari ya wagonjwa. Magari ni ishirini na matatu, mji ni mkubwa na mto umeupasua katikati, na anayejua kila gari liko wapi ni mtambo wa kompyuta uliofungiwa katika chumba chenye baridi kama jokofu. Simu ikiingia, mpokeaji huandika mahali, mtambo huchagua gari lililo karibu na kuchora njia kwenye skrini, dereva huambiwa kwa redio. Mimi kazi yangu ilikuwa swali moja tu: mtambo ukizimika, tunafanyaje?

Jibu langu lilikuwa kitabu. Kurasa mia moja na themanini, jalada gumu, michoro ya rangi. Kwa ufupi kilisema hivi: mtambo wa kwanza ukifa, upo wa pili ng'ambo ya mto, katika jengo jingine, wenye umeme wake na jenereta yake. Kiongozi wa zamu anaufungua kwa namba ya siri, na baada ya dakika mbili skrini zote zinawaka upya, mji unaendelea na shughuli zake bila kujua kitu. Nilikuwa nimekifanyia majaribio mara nne, na mara zote nne kilifaulu. Nilikipenda kitabu kile. Wako watu wanaoweka picha za watoto wao mezani. Mimi niliweka kile.

Shangazi alikiita godoro. "Kizito, kimejaa, na kazi yake ni kukulaza usingizi."

Shangazi ni dada yake baba, ndiye aliyenilea tangu nina miaka tisa. Dunia imenipiga vya kutosha: nimebeba matofali, nimeuza vifuniko vya simu juani, nimefukuzwa kazi nne kabla sijafika thelathini, moja kati ya hizo nikiwa bado sijamaliza mafunzo yake. Kila nilipofukuzwa nilirudi kwake, naye alinipokea kwa sahani na kwa maneno, sijui kipi kilikuwa cha moto zaidi. Kazini alikuwa kiongozi wa zamu ya asubuhi. Alikuwa amekaa katika chumba kile cha simu miaka thelathini na mmoja, tangu enzi za ramani ya ukutani na pini za rangi. Yeye ndiye aliyeniombea kazi ya kuvuta nyaya chini ya meza. Nikapanda kidogo kidogo, nikasoma jioni, nikapata vyeti, na nilipokwisha kuvipata nikaanza kumrekebisha.

"Kumbe miaka yote hii nilikuwa namlisha mwalimu wangu," alisema.

Nilichotaka kurekebisha ni desturi zake. Kubwa kuliko zote iliitwa kusoma magari. Zamu ikibadilishana, wapokeaji wanaotoka husimama, huzipa skrini mgongo, na kila mmoja hutaja kwa sauti magari yake mawili: liko wapi, limebeba nani, lina tatizo gani. "Saba yuko geti la soko, mtupu, tairi la nyuma linamtia wasiwasi." Wanaoingia husikiliza. Akikosea mtu, chumba kizima humzomea. Desturi hiyo ilianza baada ya gari moja lenye redio mbovu kusahaulika mlangoni mwa hospitali kwa saa tatu, huku mitaa miwili tu kutoka hapo kuna mtu aliyesubiri gari mpaka akaacha kusubiri. Shangazi alinisimulia mara moja, nikamwomba anieleze vizuri, akaniambia ameshaeleza.

Ya pili ilikuwa wiki ya sakafuni. Mpokeaji mpya hapewi kiti mpaka amalize siku saba akitembea peku juu ya vigae vya chumba kile, ambavyo kila kimoja ni sehemu ya mji, akisukuma viatu vyake mwenyewe kama magari. Mimi nilidhani ni kuwaonea wageni. Na ya tatu ndiyo iliyoniuma masikio: kila unachokiandika, ukitamke. Chumba kilivuma kutwa nzima kama mzinga wa nyuki.

Nilipiga hesabu. Kusoma magari peke yake kulikula dakika kumi na moja kila zamu. Nikaandika waraka. Jumatatu ya wiki ile nikabandika vibao juu ya kila kiti, herufi kubwa nyekundu: KIMYA. Asubuhi ya Alhamisi, siku yenyewe, nilimwendea mpokeaji mmoja binafsi, binti tuliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki.

"Leo wageni wanakuja," nilimwambia. "Vidole viongee, mdomo upumzike."

"Nikifa kwa kukosa pumzi, gari lipi litakuja kunichukua?"

"Mtambo utachagua."

Akafunga mdomo, akachora kwa kidole zipu juu yake. Laiti ningejua.

Wageni walikuwa wawili. Mkurugenzi wetu, na mkaguzi kutoka kampuni inayopiga mihuri mipango kama yangu. Baada ya onyesho la asubuhi kungekuwa na kikao saa tisa alasiri: kitabu kikipata muhuri, kinakuwa sheria, na desturi za Shangazi zinafutwa siku hiyo hiyo. Alikuwa amesema bila kupandisha sauti kwamba zikifutwa atavua vifaa vyake vya masikioni, atavitundika kwenye msumari, na hatarudi. Shangazi hatishii. Alisema ataacha chumvi, akaacha.

Basi nikamtuma ng'ambo. Nilitoa sababu nzuri, kwamba kwenye mtambo wa pili panahitajika mtu mwenye uzoefu. Sababu ya kweli ni kwamba sikutaka anitanie mbele ya wakubwa. Aliondoka saa tatu na mkoba wake, akaniacha na wapokeaji kumi na mmoja.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole wa kalamu nyembamba. Alikipekua kitabu changu kama mtu anayechagua mchele, kisha akauliza:

"Haya majaribio manne. Mtambo wa kwanza mliuzima?"

"Tulifanya kama umezimika."

"Mlifanya kama," alirudia, akaandika.

Niliiona ile kalamu ikitembea, na kiburi kikanipanda. Nikamgeukia fundi wa umeme, aliyekuwa amesimama mlangoni na bisibisi yake mfukoni.

"Fundi, leo tuzime kweli."

"Kweli kweli?"

"Kweli kweli."

"Kitabuni imeandikwa hivyo?"

"Fundi, kitabu nimekiandika mimi."

Alinitazama kwa muda unaotosha mtu mwenye akili kubadili mawazo. Kisha akaingia chumba cha baridi, akashusha swichi.

Ilikuwa saa nne na dakika kumi. Kuna mvumo ambao huwa huusikii mpaka ukome. Ulikoma. Skrini kumi na moja zikawa nyeusi kwa mpigo mmoja. Simu hazikufa, maana laini zake ni za kizamani na zina njia yake. Redio pia hazikufa, zina betri. Kilichokufa ni ujuzi wa nani yuko wapi. Mkurugenzi alitabasamu, nami nikatabasamu, nikampigia Shangazi.

"Shangazi, fungua."

"Inaniomba namba ya siri."

"Inakuja kwenye simu yako. Tarakimu sita."

"Ndiyo naisubiri. Anayeituma nani?"

"Mtambo ndio unaoituma."

"Mtambo upi?"

Niligeuka, nikautazama mlango wa chumba cha baridi.

"Mwanangu. Mtambo upi?"

"Wa kwanza."

"Huu mliouzima."

"Ndiyo."

Nilingoja acheke. Angecheka ningepata nafuu. Majaribio yote manne mtambo wa kwanza ulikuwa mzima, unajifanya maiti huku mkono mmoja unatutumia namba, na mimi nikaandika kwamba tumefaulu. Shangazi hakucheka.

"Wako wote kumi na mmoja humo?"

"Wapo."

"Basi ondoka njiani," alisema, akakata simu.

Nikamkimbilia fundi. "Washa! Washa upesi!"

"Nimeshawasha. Lakini ukizimwa ghafla unajikagua kwanza, diski moja baada ya nyingine. Dakika arobaini, kama hauna kinyongo."

Hapo ndipo Chiriku aliposimama. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nilikuwa na simu," alisema. "Mama mjamzito, anatoka damu nyingi. Aliyepiga ni mwenzake wa kazini. Nimeandika mahali alipo, nikawa nataka kubonyeza..." Alionyesha skrini nyeusi. "Yeye ameshakata simu. Namba yake nayo ilikuwa humu humu."

"Wapi?" aliuliza mtu. "Alisema wapi?"

"Sijui. Sikutamka. Nimeandika tu, moja kwa moja, kutoka sikioni kwenda vidoleni." Akainua macho, akatazama kibao kilichokuwa juu ya kichwa chake. Wote wakakitazama. Kisha wote wakanitazama mimi.

Nimewahi kuanguka kutoka jukwaa la ujenzi ghorofa ya pili, juu ya rundo la kokoto. Ilikuwa afadhali.

Mpokeaji mmoja mtu mzima tulikuwa tukimwita Taratibu. Huyu anazungumza kana kwamba kila neno anakwenda kulileta kutoka chumba kingine. Nilikuwa nimependekeza, kwenye ukurasa wa tisini na nne, ahamishiwe kwenye mafaili. Taratibu alisimama, akavua vifaa vya masikioni, akavua kiatu cha kushoto, akatembea na soksi mpaka kwenye kigae kilicho karibu na dirisha, akakiweka pale.

"Moja," alisema. "Yuko stendi ya kaskazini. Mtupu."

Akaenda kigae kingine, akaweka cha kulia.

"Mbili. Anavuka daraja la juu. Ana mzee wa kifua, anakwenda hospitali kuu."

Halafu akamwendea Chiriku. Hakumwambia mtu yeyote afanye kitu. Hakuwa na haja, kwa sababu jirani yake alikuwa ameshainama anafungua kamba za viatu.

"Tatu, yuko kwenye kituo cha mafuta cha pili, ndani ya dakika tano anamaliza."

"Nne, njia ya reli, ana mtoto wa homa, king'ora hajawasha."

Walikuwa wanasikiliza. Kumbe siku zote walikuwa wanasikiliza. Madereva huripoti kwa redio, redio inasikika chumba kizima, na mimi niliyekaa humo miaka sita nilikuwa nikizisikia sauti zile kama mtu anavyosikia mvua. Wao walikuwa wanaziweka akibani. Viatu vilishuka sakafuni: vya ngozi vilivyopauka, vya raba, vya kisigino kifupi, sendo mbili za kijani. Kila kimoja kilishuka juu ya kigae chake bila kupapasa, kama mtu anavyoweka kikombe kwenye kabati la kwao umeme ukiwa umekatika.

"Ofisa," sauti ilitoka chini, binti amechuchumaa na kiatu mkononi, "umesimama juu ya hospitali kuu. Sogea."

Nilisogea.

"Na Mkurugenzi, samahani, uko mtoni."

Mkurugenzi alitazama miguu yake, akainua mmoja, akainua wa pili, akatoka mtoni kwa heshima zote, akaenda kusimama ukutani. Mkaguzi alikwishabanwa kwenye kona, kalamu hewani, haandiki.

Simu zilikuwa zinaita. Wenye zamu ya kupokea walipokea wamesimama, peku, na sasa kila mmoja alitamka kwa nguvu zote: "Moto jikoni, barabara ya makaburi, nyumba ya geti jeupe!" Papo hapo mtu alisukuma kiatu kwa kidole, mwingine anaiambia redio, "Kumi na moja, geuka kushoto, makaburini, geti jeupe," na dereva anajibu kwa ile sauti yao ya kukwaruza, "Nageuka." Hakuna aliyegongana na mwenzake. Ulikuwa mji mzima pale chini. Mimi nilikuwa nikiutazama kwenye skrini kila siku, vidoa vya buluu vikitambaa juu ya mistari, na naapa ile ndiyo mara yangu ya kwanza kuuona.

"Ishirini na mbili," alisema wa mwisho, akaweka kiatu chake.

Hapo hesabu ikaishia. Kila mpokeaji ana magari mawili. Kumi na mmoja, viatu ishirini na viwili. Gari la ishirini na tatu lilikuwa la Shangazi, yeye ndiye hulisoma siku zote, na mimi nilikuwa nimemtuma ng'ambo kusubiri namba isiyokuja. Nilihisi baridi ya vigae ikinipanda miguuni, nami bado nina viatu.

Kisha walisema, karibu wote pamoja, midomo kama minane, hata mmoja aliyekuwa kwenye simu alifunika kipaza sauti ili aseme: "Ishirini na tatu yuko karakana ya zamani, nyuma ya viwanda, mtupu, anakula."

Wakacheka kidogo, kwa sababu dereva wa ishirini na tatu siku zote anakula.

"Kiatu," mtu alisema. Walitazamana. Viatu vimekwisha. Yule binti wa hospitali kuu akanielekeza kidole mguuni. "Ofisa, tuazime."

Nilivua. Naam, soksi ilikuwa na tundu, na kidole gumba changu kilitoka kumsalimia Mkurugenzi. Akakipokea kiatu changu yule binti, akakiweka karibu na ukuta wa mashariki, mahali ambapo mimi niliona kigae tu.

Muda wote huo Taratibu alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Chiriku. Nilisogea kwa kuchechemea. Chiriku alikuwa analia kimya kimya, na Taratibu anamwambia, neno moja, kisha jingine:

"Masikio yako hayakushika. Lakini vidole viliandika. Weka vidole mahali pake. Fumba macho. Andika tena."

"Imezimika, kaka. Haiandiki."

"Haiandiki. Mimi ninasoma."

Akafumba macho. Akaweka mikono juu ya ile kibodi iliyokufa, akavuta pumzi, na vidole vikakimbia. Vilikuwa vyepesi mno. Taratibu aliinama.

"Rudia."

Vikakimbia tena, njia ile ile, mapigo yale yale, hata kule kusimama kidogo katikati kulirudi mahali pake.

"G," alisema Taratibu. "H. O. R. O. Rudia."

Msichana amefumba macho, anapiga herufi ambazo hazionekani popote duniani, na mtu mmoja mpole anazichuma hewani, moja moja, bila haraka. Kama angekuwa na haraka angezikosa. Mara ya tatu alikuwa anasoma kwa sauti na Chiriku anapiga, na chumba kizima kilipunguza sauti bila kuambiwa.

"Ghorofa. Ya. Buluu. Nyuma ya. Kiwanda. Cha. Magodoro." Akasita. "Ngazi. Ya pili."

"Washonaji!" Chiriku alifumbua macho, akapiga kelele. "Karakana ya washonaji, ngazi ya pili! Alisema cherehani, nilisikia cherehani kwa nyuma!"

Yule binti wa hospitali kuu alikuwa ameshafika kwenye kigae. Aliangalia huku, akaangalia kule, na mkono wake ukashuka juu ya kiatu changu, kile cha kando ya ukuta wa mashariki. Vigae viwili tu. Alikisukuma.

"Ishirini na tatu, acha kula. Ghorofa ya buluu, nyuma ya kiwanda cha magodoro, ngazi ya pili, mjamzito anatoka damu."

Redio ikakwaruza. "Naiona ghorofa kutoka hapa."

Tulisubiri. Simu nyingine ziliendelea, viatu vingine viliendelea, lakini kila aliyepita alikitupia jicho kiatu changu. Sijawahi kupendwa na watu wengi kiasi kile, na haikuwa mimi, ilikuwa kiatu. Baada ya dakika tisa redio ikarudi.

"Ishirini na tatu. Tuko naye ndani ya gari, tunaelekea hospitali ya mashariki. Presha iko chini lakini anaongea. Anauliza nani atamalizia gauni la bibi harusi."

Chiriku aliweka kichwa juu ya ile kibodi, akabaki hapo kidogo. Kisha simu yake ikaita, akainuka, akapokea, na alipofungua mdomo, jengo la jirani lilimsikia.

Mtambo ulirudi saa tano kasoro dakika tisa. Skrini ziliwaka, vidoa vya buluu vikajipanga. Mkaguzi alitoka kwenye kona yake, akachuchumaa na suruali yake ya kunyooshwa, akaanza kulinganisha kiatu kimoja kimoja na skrini. Viatu ishirini na viwili vilikubaliana nayo. Namba kumi na sita, skrini ilisema yuko kusini mwa mto. Kiatu kilisema kaskazini. Mkaguzi akaomba dereva aulizwe.

"Kaskazini," dereva alijibu. "Nimevuka zamani."

Mtambo ulikuwa bado unamwona pale ulipomwacha kabla ya kulala. Mkaguzi alibaki amechuchumaa, mkono mmoja umegusa raba chakavu ya mtu kama anayeshika kitu chenye joto. Nilizunguka chumba kizima na mguu mmoja wa soksi, nikabandua vibao vyangu vya KIMYA, kumi na viwili, kile cha kiti cha Shangazi kikiwemo.

Saa tisa tulikaa kikaoni: Mkurugenzi, mkaguzi, mimi, na Shangazi, aliyekuwa amerudi kutoka ng'ambo. Alipoingia aliutazama mguu wangu, maana kwa haraka nilikuwa nimevaa kiatu bila kufunga kamba.

"Huo ndio mwendelezo?"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mama yule mshonaji?"

"Mzima. Na mtoto mzima, wa kike."

Akakaa. Aliweka vifaa vyake vya masikioni juu ya meza mbele yake, vimekunjwa vizuri, tayari kwa msumari.

Nilieleza yote bila kujificha: namba ya siri, majaribio ya kufanya kama, vibao. Nikasema makosa ni yangu na nikaomba desturi zote tatu zibaki. Mkurugenzi alitikisa kichwa kukubali. Lakini mkaguzi aliweka kalamu chini, na alipozungumza niliona anazungumza kwa uchungu wa kweli.

"Mama, nilichokiona leo nitawasimulia wajukuu. Lakini siwezi kukipigia muhuri. Mpango unaoitwa mpango haumtegemei mtu mmoja, na hii yote ni wewe. Wewe ndiye unayewakalisha sakafuni, wewe ndiye unayewazomea wakikosea. Hawa vijana wanafanya kwa sababu upo. Mimi lazima niulize swali la kazi yangu: siku usipokuwepo chumbani, itakuwaje?"

Akanigeukia aniunge mkono. Na mimi, mpumbavu wa saa nne ambaye hadi saa tisa alikuwa hajapona, nilijikuta naitikia, kwa sababu sentensi ile ndiyo ya kwanza kabisa katika kitabu changu, huduma isimtegemee mtu mmoja, na nilikuwa nimeipigia mstari kwa rangi.

"Hapo ana hoja, Shangazi," nilisema. "Ukurasa wa kwanza. Siku usipokuwepo?"

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake, akaivaa tena. Akamtazama mkaguzi, kisha akanitazama mimi, kwa upole ule ule aliokuwa akinipokea nao kila nilipofukuzwa kazi.

"Leo saa nne na dakika kumi," aliuliza, "mimi nilikuwa wapi?"